Kifaa Kisicho na Mwenyewe

Katika karakana yangu ya redio pale Kurasini nilikuwa na sheria moja: kifaa hakifunguliwi mpaka mwenyewe aje aseme kinaumwa nini. Ukifungua redio ya mtu asiyekuwepo, kesho utaambiwa umeiba spea. Kwa hiyo baharia mmoja aliponiletea boksi lililoandikwa jina la karakana yangu, Talha Redio, Kurasini, nililisukumia chini ya meza. Alisema kapewa na baharia mwenzake, na huyo naye kapewa na mwingine. Juu yake palikuwa na alama ya gundi, kana kwamba kuna karatasi ilibanduka njiani. Sikuuliza, mjinga mimi. Nilisema mwenyewe atakuja, na miezi mitatu ikapita.

Katika miezi hiyo mitatu nilipeleka posa kwa Naima, mjane wa rafiki yangu Mudathir. Mfungo wa mwaka tisini na moja tuliletewa habari kwamba meli aliyofanyia kazi Mudathir imezama na hakupona mtu. Tulisoma hitma bila maiti, Naima akakaa eda, akamaliza, na mimi nikangoja mwaka mzima na zaidi kabla ya kufungua mdomo. Asije mtu akaniambia nilikuwa na haraka. Nilimpenda, akakubali, na ndoa ilikuwa Ijumaa.

Jumatano baada ya adhuhuri nilikuwa natengeneza redio kaseti ya Bi Mwanabaraka, mama yake Mudathir. Ndiye aliyeibariki ndoa kabla ya wote, na alitaka redio yake ipige taarabu siku hiyo. Ilikosekana spea moja ndogo. Nikavunja sheria yangu, nikalivuta lile boksi.

Nilitegemea kukuta deki ya video. Nikakuta kasha la kijivu lisilo na jina la kampuni, skrubu zake hazifanani, na ndani nyaya zimeunganishwa kwa mkono kama kazi yangu mwenyewe. Palikuwa na vishikio viwili vya kuchezea gemu, na karatasi ya Kiingereza ikisema hii ni sampuli, haiuzwi. Mashine za gemu nimeshazitengeneza, za watoto wa matajiri wa Upanga, lakini hii haikuwa mojawapo. Mate yakanijaa mdomoni, redio ya watu nikaisahau.

Ilitaka volti mia moja, na umeme wetu ungeichoma papo hapo, kwa hiyo nikaipitisha kwenye transfoma. Katikati ya waya nikaweka balbu, kama ninavyofanya kwa kila kifaa nisichokijua. Balbu ikiwaka sana, ndani kuna shoti. Ikawaka sana. Nikatafuta, nikaona kapasita imeliwa na chumvi ya bahari, nikabadilisha. Mara ya pili balbu ikafifia, na televisheni yangu ya kuonyeshea kanda ikaleta picha, haina rangi na inakimbia. Nikazungusha skrubu ya kurekebishia picha kwa bisibisi mpaka ikatulia.

Ilikuwa gemu ya mpira, haijamalizika. Wachezaji hawana sura, goli liko upande mmoja tu. Kila sauti ilipotoka, mashine iliandika chini kwenye kioo jina la sauti hiyo na tarehe iliyorekodiwa. Filimbi ilikuwa na tarehe yake, watazamaji yao. Nikapiga shuti, likaingia. Televisheni ikasema kwa Kiswahili:

"Hilo hata mama'angu Mwanabaraka halidaki!"

Nikakaa sakafuni. Kurasini nzima inayajua maneno hayo. Mudathir ndiye aliyekuwa akishika kipaza sauti kwenye mechi za uwanja wetu, na kila bao alimtania mama yake hivyo. Nililia. Nilidhani nasikia sauti ya marehemu iliyorekodiwa zamani. Nikafunga bao jingine nimsikie tena, na safari hii nikasoma maandishi. Yalisema MUDATHIR, mwaka 1992, mwezi wa kumi.

Meli ilizama tisini na moja.

Sijui alifikaje huko mashine ilikotoka, wala waliotengeneza gemu walimpatia wapi. Nilijua tu kwamba alipona, na kwamba barua yake ilibanduka baharini. Mashine hii alinitumia mimi kwa sababu alijua sitaweza kuiacha bila kuifungua. Na mimi niliiweka chini ya meza, nikaenda kumposa mke wake.

Nitasema kweli. Nilichukua bisibisi nikaiingiza chini ya chipu ya sauti. Kuinyanyua kidogo tu, sauti ingekufa, na Ijumaa yangu ingebaki palepale.

Ndipo Bi Mwanabaraka akabisha hodi, kafuata redio yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia kwa furaha kwamba Naima ameshapakwa hina mikononi. Kisha akaona boksi alilozoea kunitania nalo kila akija.

"Leo umelifungua. Mwenyewe kapatikana?"

Nikaiondoa bisibisi kwenye chipu, nikashika kishikio, nikafunga bao.

Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikamsomea tarehe, akaniuliza mwaka mara mbili, nikamwambia mwanawe alikuwa hai mwaka na nusu baada ya hitma. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Halafu akatazama mkono wangu.

"Na hiyo bisibisi, ulitaka kuifanyia nini?"

Akanyoosha mkono, nikampa. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno.

"Beba televisheni na hiyo mashine," akasema. "Twende kwa Naima, hawajampaka miguuni."

Nikajitwika, bwana harusi wa Ijumaa, nikamfuata nyuma.