Mwamba Uliopangwa kwa Rangi

Mtunza ghala alikuwa amevaa shati la kupigia picha. Alifungua mlango, akasimama kando ili mjiolojia apite kwanza.

"Karibu, binti yangu. Leo utanishukuru mpaka uchoke."

Mjiolojia alikuwa amebakiza sura ya mwisho ya kazi ya miaka tisa: kuueleza na kuupa jina mwamba wa mchanga uliolala chini ya bonde la pwani. Mwamba huo haukuchomoza popote juu ya ardhi. Ulionekana katika ghala hili peke yake, mita mia tatu za vipande vya mviringo vilivyotolewa katika kisima kimoja na kekee, mashine ya kutoboa ardhi, vikapangwa makashani kwa kufuata kina chake. Kanuni haikuwa na huruma: mwamba haupewi jina mpaka pawepo mahali ambapo mtaalamu yeyote ataweza kuuona, tabaka juu ya tabaka. Alikuwa ameeleza mita arobaini za juu tu. Jopo la wakaguzi lingefika kesho yake.

Makasha yalikuwa mapya. Vipande vyekundu vilikaa pamoja, vya kijivu pamoja, vyeupe pamoja; virefu nyuma, vifupi mbele.

"Yale ya zamani yameliwa na mchwa," mtunza ghala alisema. "Nikaona wageni wasije wakakuta aibu. Wiki nzima, peke yangu, na mgongo huu."

"Na vibao vya namba za kina vilivyokuwa katikati, mzee?"

"Vile vijiti? Vilikuwa vumbi tupu. Nimevichoma."

Mjiolojia aliketi sakafuni. Kisima chenyewe kilikwisha kuzibwa kwa saruji, na wachimbaji walikwisha kuhama.

"Mbona umeketi chini? Nimechanganya rangi?"

Alimweleza polepole, kwa adabu, kwa kuwa alikuwa rika la baba yake. Mzee alipiga magoti, akaanza kuoanisha ncha za vipande, kimoja baada ya kingine. Lakini mwamba ulikuwa laini, na kekee ilikuwa imezisaga ncha karibu zote.

"Hivi vimeshikana," alisema hatimaye. "Njoo uone. Kama pacha."

Vilikuwa vimeshikana kweli. Mpasuko wake ulikuwa mpya, haujaingia vumbi.

"Hiki ulikivunja wewe, mzee?"

"Kilikuwa kirefu, hakikuenea kashani."

Mjiolojia alitoa mkobani fomu ya kuombea mwamba jina, akalikata jina kwa mstari mmoja, kisha akatoka nje kuwapigia simu wakaguzi wasije. Aliporudi, mzee alikuwa bado amepiga magoti, ameshika kipande kimoja kila mkono.