Oleanda ya Bi Bronka

Sisi wenye bustani za nyuma ya reli, hapa Zabrze, Poland, tuna banda moja la vioo kwa familia thelathini na mbili. Baridi ikikaribia, kila mtu huleta vyungu vyake vipate joto hadi baridi iishe. Na kwa kuwa banda lina jiko na birika, wengi huja kuangalia maua wakaishia kuangaliana.

Sheria imegongomewa mlangoni: mmea wenye wadudu hutolewa nje. Mwezi wa Januari, kutolewa nje ni kufa.

Basi Januari hiyo mwenyekiti wetu, Bwana Zenon, akapita na kioo chake cha kukuzia, akakuta wadudu gamba chini ya majani ya oleanda ya Bi Bronka. Wamejipachika kama vipele vya kahawia. Oleanda hiyo, mti wa maua, iliwahi kuwa kijiti ndani ya chupa ya maji. Aliyekiotesha ni Truda, dada yake Bi Bronka, tuliyemzika Agosti.

"Bi Bronka, sheria unaijua."

"Naijua. Niliipigia kura wakati wewe bado unaulizia choo kiko wapi."

"Basi itoke."

"Haitoki."

"Nakupa mpaka Jumamosi. Nikikuta kidudu kimoja, naibeba mwenyewe."

"Kwa mgongo huo? Anza kwa kubeba tumbo."

Tulicheka hadi vioo vikaingia ukungu. Lakini kesho yake alfajiri Bi Bronka alikuwa pale na sabuni, spiriti na mswaki, akisugua jani moja baada ya jingine. Tukaja kumsaidia, yaani tukaja kuongea. Jadwiga akaleta mkate wa mafuta ya nguruwe na matango ya chumvi. Siku tatu tukasugua, tukala, tukamaliza habari za mtaa mzima.

Ijumaa mchana nikageuza jani tulilolisafisha jana yake. Vitoto vya rangi ya majani makavu vilikuwa vikitambaa.

"Wamezaa," nikasema.

"Nimeona." Akaweka mswaki chini. "Mumeo ana msumeno?"

Nikauleta. Bi Bronka akavaa glavu, maana utomvu wa oleanda ni sumu, akaukata mti wote ukabaki visiki vya urefu wa goti. Matawi akayafunga kwenye gunia. Hatukuthubutu kuyatia jikoni, hata moshi wake unadhuru. Visiki akavisugua na kuvisuuza. Udongo wa juu akaukwangua akaweka mpya.

Jumamosi banda lilijaa. Bwana Zenon akainama na kioo chake.

"Hii si oleanda. Ni vijiti."

"Sheria inasema wadudu. Haikutaja majani. Tafuta."

Akapiga magoti, yakalia. Akazungusha chungu, akachungulia kila ufa wa gome. Tukangoja hadi birika likachemka, na hakuna aliyeinuka kulitoa.

"Sioni kidudu. Ila visipochipua je?"

"Vitakuwa vijiti vyangu, na vitakaa hapa hapa."

"Mwaka huu huoni ua."

"Nitaliona mwakani. Wewe utakuwa umeshang'olewa kwenye uenyekiti."

Bwana Zenon akajipangusa magoti, akatia kioo mfukoni. Bi Bronka akavuta kiti, akakiweka kati ya chungu chake na mlango, akakaa, akaomba chai.