Kwa Miguu Yake

Nilianza kazi katika ofisi za Baraza la Mji nikiwa tarishi wa kubeba mafaili. Miaka minne ya darasa la jioni, tayari nikiwa baba wa watoto watatu, ndiyo iliyonifikisha kwenye kiti cha karani wa vikao. Siku nilipokabidhiwa daftari la kumbukumbu nilinunua kamusi kwa pesa yangu mwenyewe. Tangu hapo hakuna barua iliyotoka kwetu kabla sijainyoosha. Madiwani waliniita Kamusi, na jina hilo nililipenda. Nasema haya ili ijulikane kwamba kosa langu halikutokana na ujinga.

Mwaka huo Ukumbi wa Sanaa wa mji ulipungukiwa. Paa lilivuja, vikundi vya maigizo vikahama, na bajeti ikabaki na pengo la kutisha. Madiwani walibishana asubuhi nzima. Mmoja alitaka ugeuzwe ghala. Mwishowe Meya akagonga meza.

"Jamani, mtu hazikwi kwa sababu ana homa. Pengo tutaliziba sisi. Tuusimamishe ukumbi huu kwa miguu yake, mwakani utatembea wenyewe."

Mikono ikanyooshwa. Wengi walikubali.

Mchana nikaandika: "Baraza limeazimia kwamba Ukumbi wa Sanaa usimamishwe mwaka huu, na Idara ya Fedha itekeleze." Mpiga chapa wetu, mama mmoja asiye na haraka, akalinganisha na maandishi yangu ya kikaoni.

"Kamusi, hapa umeruka 'kwa miguu yake'."

"Sikuruka, nimefuta. Kwani jengo husimama kwa nini? Kwa mikono?"

Ofisi nzima ikacheka. Yeye naye akacheka, akapiga chapa.

Mweka hazina hakuwapo siku ile. Alipoipata karatasi aliisoma kama mtu wa fedha: mfanyakazi husimamishwa, malipo husimamishwa, basi na ukumbi umesimamishwa. Meya alikuwa ameshasafiri, na hakurudi kwa miezi miwili. Waliotaka ghala walinyamaza kwa furaha. Wengine walidhani wakubwa wamebadili mawazo.

Mimi nililijua hilo siku shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, aliponiletea barua. Alikuwa fundi wa taa pale ukumbini kwa miaka kumi na tisa, na watu walimwita Swichi. Kusoma nilimfundisha mimi, ukubwani, juu ya meza yangu na kwa kamusi ileile.

"Shemeji, hebu nisomee, labda sijaelewa. Wanasema ukumbi umesimamishwa. Si ndiyo kuinuliwa huko? Mbona basi wanataka nirudishe funguo?"

Nikaisoma. Sentensi yangu ilikuwa mle ndani, nzima, imenukuliwa. Katika mji wote ni yeye peke yake aliyeielewa kama nilivyoiandika.

"Mambo ya wakubwa hayo, shemeji," nikasema.

Akanishukuru kwa kumsomea.

Wiki mbili baadaye Baraza lilikaa kuthibitisha kumbukumbu. Nilizisoma kwa sauti, nimesimama, tai imekaza shingoni. Naibu Meya akauliza, "Kuna marekebisho?"

Mbele yangu walikaa madiwani ambao niliwahi kuwasahihisha hadharani. Mmoja nilishamwambia kwamba anazungumza kama tafsiri mbovu. Nilimtazama yeye, sikumfikiria Swichi.

"Hakuna, Mheshimiwa."

Mikono ikanyooshwa. Jambo lililofuata lilikuwa zile fedha za kuziba pengo la ukumbi. Kwa kuwa sasa hazikuwa na kazi, zikahamishiwa taa za barabarani.

Meya aliporudi akakuta kufuli kwenye lango la ukumbi. Nilimfuata ofisini kwake nikamweleza. Mwanzoni alicheka, kisha akaacha.

"Ungesema kabla ya kikao kile, ningelimaliza kwa simu moja. Sasa mashimo ya nguzo yameshachimbwa, mkandarasi ameshalipwa. Labda mwakani." Akafunga mlango uliokuwa wazi nyuma yangu. "Liishie humu humu, Mzee. Nani atajua?"

Nikatoka nikiwa nimesamehewa. Lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumamosi Swichi akaja nyumbani na karatasi mbili safi. Dada yangu alifuatana naye, akaingia jikoni kutuandalia chai. Mkandarasi wa taa za barabarani alikuwa akitafuta mafundi.

"Niandikie barua ya maombi, shemeji. Wewe una mwandiko wa serikali. Andika: nilisimamishwa kazi mwezi wa tatu..."

"Usiseme hivyo. Watadhani uliiba."

"Basi niseme nini? Si ndilo neno lao?"

Kalamu ilikuwa mkononi. Ningeweza kumpa neno jingine, na kamusi ilikuwa nayo mengi. Nikaiweka kalamu chini nikamwambia yote: maneno matatu niliyoyafuta, utani wangu, kikao nilichonyamaza. Dada yangu alikuwa amefika mlangoni na sinia. Hakuingia.

Swichi aliitazama ile kamusi mezani.

"Kwa hiyo mimi niliisoma sawa?"

"Uliisoma sawa."

"Na siku ile nilipokuja na barua, ulijua."

"Nilijua."

"Nikakwambia asante." Akanisogezea karatasi. "Haya, andika hivyo."

"Niandike nini?"

"Hivyo ulivyosema. Kwamba ukumbi ulifungwa kwa kosa la karani, si la fundi. Na jina la huyo karani uliweke, wakitaka kuuliza wamuulize. Usipunguze neno, Kamusi."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Siku zote nilikuwa shemeji.

Nikaandika. Ilitoka sentensi ndefu, yenye "kwamba" tatu, na jina langu katikati yake. Mkono uliniwasha kuifupisha. Nikamsomea mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, nami nikaiacha kama ilivyo.