Hodi Kwenye Ukuta wa Majivu

Wendelin alirudi Ifakara mwanzoni mwa mwaka 1956, baada ya kuchora majengo miaka sita katika ofisi moja ya Morogoro. Alikuja na meza ya kuchorea, rula tatu, na suruali iliyopigwa pasi hadi ungedhani mkunjo wake unakata. Akapanga chumba karibu na soko, akatundika kibao: WACHORAJI WA MAJENGO. Wachoraji wenyewe walikuwa yeye na shemeji yake Ildefonce, fundi mwashi ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuchora hata yai.

"Shemeji, kibao kinasema wachoraji," Ildefonce alimwambia. "Wa pili nani?"

"Wewe."

"Kumbe! Na nyumbani hawajui."

Masika yote watu waliingia ofisini kujikinga na mvua. Waliziangalia ramani, wakazisifu kama mtu anavyosifu mtoto wa jirani, mvua ikikatika wakaenda kujenga kama walivyojenga baba zao. Wendelin alijifariji kwamba watu bado hawajaelimika. Hilo lilimsaidia kula, halikumsaidia kulala.

Baada ya mavuno akaja Domitila, mjane kutoka kijiji cha Mchombe mwenye mashamba makubwa ya mpunga, akitaka nyumba ya mjini. Wendelin akamchorea kwa wiki nzima. Domitila akaichukua karatasi, na kesho yake akairudisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nyumba hii haina paa."

"Mama, hapa tunaitazama kutoka juu."

"Kutoka juu? Mimi ni kunguru?"

Ildefonce alitoka nje haraka akachekee huko. Domitila hakucheka. "Nionyeshe chini," alisema, "pale nitakapotembea."

Basi wakaenda kiwanjani na kamba, vigingi na debe la majivu, wakaichora nyumba nzima ardhini kwa vipimo vyake vyote. Domitila akavua viatu, akasimama mbele ya mstari wa mlango.

"Hodi!"

Wendelin akatazama huku na huku. Majirani walikwisha kusogea.

"Hodi!" mama alirudia kwa ukali kidogo.

"Karibu," Wendelin akajibu kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi.

Domitila akaingia, akapita sebuleni, akafika chumbani akajilaza. Miguu yake ikavuka ukuta.

"Na hii miguu yangu inalala kwa nani?"

Wakaufuta ukuta, wakausogeza. Kufikia jioni jiko lilikuwa limehamishwa uani, na dirisha limegeuzwa ili mwenye nyumba amwone anayekuja kabla hajabisha. Nyumba ilipokamilika, Mchombe nzima ilitaka ya namna hiyo, na watu wa kijiji cha Chita nao wakatuma ujumbe. Mwezi wa nane ofisi ilikuwa na watu watano. Domitila mwenyewe alikuwa mmoja wao: kazi yake ilikuwa kutembea ndani ya nyumba ambazo bado hazipo na kulalamika.

Ndipo alipokuja Yosefina, mkunga wa siku nyingi. Kila mwaka, kabla mto haujafurika, wajawazito wa ng'ambo walivuka mapema wakaja kungojea siku zao mjini, wakilala kwenye vibaraza vya watu. Kina mama wa parokia walitaka kuwajengea nyumba. Je, ofisi itawachorea bure?

Wendelin alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Alichora vyumba kumi na viwili vimejipanga kama askari, madirisha yote yakielekea milimani kwenye mandhari nzuri. Hakumwonyesha Domitila. Hii, alijiambia, haina pa kukosolewa.

Majivu yakamwagwa kwenye kiwanja cha parokia. Wajawazito tisa wa ng'ambo, walioitwa na Yosefina, wakaingia, kila mmoja chumbani kwake, wakaketi. Baada ya muda mmoja akainuka, akavuka ukuta akamfuata mwenzake. Wa pili akafuata. Mara wote tisa wakawa wamebanana kona moja, wametazama njia ya kivukoni.

"Rudini vyumbani," Wendelin alisihi. "Kila mtu na chumba chake, ndiyo heshima."

"Uchungu ukimshika mtu," Yosefina aliuliza, "amwamshe nani? Ukuta?"

"Na milima," mjamzito mmoja aliongeza, "haituletei habari za nyumbani. Habari zinakuja na njia."

Watu wakacheka, Ildefonce akiwa wa kwanza. Wendelin akakunja kamba yake akaondoka. Siku mbili hakufika ofisini. Alimwambia mkewe Stefania kwamba ana homa. Stefania akamshika paji la uso, akamwambia homa hii anaijua, dawa yake ni kuomba radhi.

Siku ya tatu akarudi kiwanjani, akaifuta mistari yake yote kwa mguu, na mguu ulikuwa mzito. "Kaeni mnavyopenda," akawaambia. "Mimi nitachora pembeni yenu." Wakakaa. Ukatokea ukumbi mmoja mpana, baraza ndefu ikitazama njia, na chumba kidogo cha Yosefina katikati. Wendelin alipoichora kwenye karatasi aliitazama muda mrefu. Ilikuwa nzuri kuliko ile yake, na hilo lilimuuma.

Wanaume wakafyatua matofali, wakayachoma kwa pumba za mpunga. Wanawake wakachota maji. Mwezi wa kumi na moja nyumba ikabarikiwa. Mzee wa parokia akawashukuru wachoma matofali, wapishi, wachota maji, hata mwenye ng'ombe aliyechinjwa. Wendelin, mkunjo wa suruali umesimama, alingoja jina lake. Halikuja.

"Usijali, shemeji," Ildefonce akamnong'oneza. "Na langu limesahauliwa, na mimi ni mchoraji vilevile."

Mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kutoka kivukoni, kifurushi kichwani, alisimama barazani akaushangaa ukumbi. "Nani kajenga hii?"

"Sisi," akajibu yule aliyeikataa milima, akampokea kifurushi.

Wendelin alilisikia neno hilo, akangoja limchome. Halikumchoma. Akajisogeza kwenye benchi ili mgeni apate pa kukaa.