Pete Iliyokuwa Ikipita Juu ya Mikumi

Kila alasiri, chai ya maziwa ikishachemka mara ya pili, Scholastica aliingiza meza yake chini ya bati, kwa sababu pete ilikuwa karibu kupita. Ilitokea upande wa kijiji cha Ulaya, ikizunguka kwa mlio kama wa mfuniko wa sufuria uliodondoka sakafuni ukakataa kutulia. Ilipita juu ya gereji ya matairi alipouzia chai, juu ya barabara kuu, kisha ikaelekea Kilosa. Wanawake wa Chanzuru nao waliijua, na waliwahi kuanua nguo. Ilishatangazwa kwamba isipigwe mawe.

Ilikuwa pete ya chuma ya kufungia tairi. Malori ya zamani ya jeshi yana rimu za vipande, na pete hiyo ndiyo inayobana tairi lisichomoke upepo ukijaa. Ikikaa vibaya, au ikiwa na ufa, inaruka. Hii iliruka siku Onesphory, mume wa Scholastica, alipokuwa akijaza upepo gurudumu la lori la Bonifas. Ilimpiga kifuani, ikapaa, na haikurudi chini.

Bonifas alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani. Msibani alisema, kwa sauti ya huzuni, kwamba fundi alikuwa amelewa, na kwamba pete ile aliiokota kwenye vyuma chakavu, haikuwa ya lori. Pete yenyewe ilikuwa hewani, hakuna aliyeweza kuitazama kwa karibu. Jumuiya ilisali rozari jioni moja tu, basi. Na Novemba, majina ya marehemu wa jumuiya yaliposomwa kanisani, la Onesphory halikuwamo.

Scholastica alikuwa ameishi na mume yule bila kumsikia harufu ya pombe, hata siku ya arusi yao. Alitaka kitu kimoja tu: jina lisomwe.

Tangu hapo Bonifas alimletea mchele kila Pasaka. Scholastica aliupokea, akashukuru, akaupepeta mara mbili, akitafuta asichokijua.

Mwaka huu, mvua zikiwa zinanukia, Bonifas alikuja gerejini na lori lile la kijani. Nyuma lilibeba matairi mapya ya tyubu, mapana, marefu kumfika mtu kifuani. Alitaka kufuata mpunga Malolo wakati wa matope, malori ya wenzake yakiwa yamekwama.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Vaileth."

"Milele amina," Scholastica akaitikia. "Utakunywa chai, Mwenyekiti?"

"Baadaye kidogo," akasema, akatazama juu.

Scholastica aliliona hilo. Mtu aliyeleta lori gereji hutazama matairi.

Fundi sasa alikuwa Emanueli. Zamani alifanya kazi na Onesphory, na tangu msiba alikunywa chai ya Scholastica akiwa ameinamia kikombe. Alipaka sabuni kingo za tairi jipya, akaingiza tyubu, akaweka na ule mpira wa kuikinga isikwaruzwe na chuma. Kisha akasimama, mikono kiunoni.

"Mwenyekiti, matairi haya yameizidi rimu."

"Yataingia tu. Wewe si fundi?"

"Fundi ni mimi. Na kifua ni changu."

Madereva waliokuwa wakinywa chai walicheka, kisha wakaona wamecheka vibaya mbele ya mjane, wakajifanya kupuliza chai.

Gurudumu la mbele kushoto, lililokuja limepakiwa nyuma huku la kuazima likishika nafasi yake, ndilo lililokuwa halina pete. Bonifas alitoa moja ndani ya gunia. Haikuingia. Akatoa nyingine. Hiyo ilicheza kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto.

"Rimu hii inataka pete yake," Emanueli akasema.

"Basi tusubiri."

"Tusubiri nini?" Scholastica akauliza kutoka jikoni.

"Jua lipoe, mama."

Bonifas akaketi juu ya tairi. Kivuli kilikuwepo tele, lakini aliketi juani, mahali anapoliona anga lote. Scholastica akaepua chai. Siku hiyo hakuingiza meza.

Pete ilikuja kwa wakati wake. Ilipofika juu ya gereji haikupita. Ilishuka ikizunguka, ikapita chini ya nyaya za umeme, ikapunguza mwendo, ikalalia rimu na kuingia kwenye mfereji wake kwa mlio mmoja mdogo. Emanueli aliipangusa kwa kitambaa. Ilikuwa na rangi ya kijani ya lori, na namba za jeshi zilezile zilizogongwa kwenye rimu. Mahali pamoja palikuwa na uvimbe wa chuma kilichochomelewa, na katikati ya uvimbe kulikuwa na ufa.

"Ilivunjika, ikachomelewa," akasema. "Pete haichomelewi."

Madereva walisogea, wakaangalia, wakarudi kwenye vikombe vyao. Bonifas alifanya ishara ya msalaba.

"Mungu ni mwema. Amenirudishia kitu changu."

"Chako?" Scholastica akauliza.

"Changu, Mama Vaileth. Nilikinunua pamoja na lori."

"Na kuichomelea?"

"Niliipeleka kuchomelewa pale Ulaya, kwa fundi wa majembe. Kazi nzuri. Si unaona, imekaa huko juu muda wote huo na haijakatika."

"Basi Novemba utasoma jina la mume wangu."

"Hilo ni la kikao, mama. Mimi ni mtumishi tu."

Emanueli alilizungushia gurudumu minyororo, akaunga mpira mrefu wa upepo, akasimama nyuma ya ukuta, akajaza. Pete ilitulia. Baadaye alikuja kunywa chai, na safari hii alimtazama Scholastica usoni.

"Shemeji, Onesphory hakuwa amelewa."

"Najua."

"Na mimi nilijua."

"Ungesema msibani."

"Kazi zote za hapa zinatoka kwa Mwenyekiti, shemeji."

Scholastica akamwongezea chai, kwa sababu kikombe kilikuwa kimeisha.

Kikao kilikaa nyumbani kwa Bonifas. Kilionelea kwamba, kwa kuwa pete imepatikana, suala limekwisha. Kilimpongeza Mwenyekiti kwa uvumilivu, kikafungwa kwa wimbo.

Lori likaanza safari za Malolo. Popote liliposimama, watu hawakukaa upande wa kushoto. Mke wa Bonifas mwenyewe alipanda nyuma, juu ya magunia. Hakuna aliyewaambia. Huko Chanzuru wanawake waliendelea kuanua nguo alasiri, kwa mazoea.

Novemba, lori liliegeshwa nje ya kanisa, gurudumu lile likitazama mlangoni. Bonifas alisoma majina ya marehemu kwa utaratibu, akifuata alfabeti. Akasoma la Naomi. Hapo gurudumu likaanza kutoa upepo polepole, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo. Kanisa lote lilisikia. Emanueli aliinamisha kichwa. Waliokaa karibu na mlango walisogea ndani kidogo, wakabanana. Bonifas alisubiri kwa adabu, kidole kikiwa juu ya karatasi.

Scholastica hakusubiri. "Raha ya milele umpe, ee Bwana," akasema kwa sauti.

"Na mwanga wa milele umwangazie," waumini wakaitikia, kwa kuwa ndivyo inavyoitikiwa.

Upepo ulipokwisha, Bonifas akasoma la Simoni.

Baada ya misa watu walitoka wakilizunguka lori kwa upande wa kulia, na Emanueli akaitwa alete pampu.