Mpole Hajibu

Mama mkwe wangu aligombana nami kabla hatujajuana. Kazi yangu ni sauti. Ukipiga simu idara ya maji, ukaambiwa tafadhali subiri, simu yako ni muhimu kwetu, yule ni mimi. Yeye alisubirishwa asubuhi nzima siku bomba lilipopasuka jikoni kwake, na alinitukana mpaka maji yakafika kwenye zulia. Miaka mingi baadaye binti yake akaniingiza sebuleni kunitambulisha, nikasema shikamoo, na mama akamgeukia binti yake.

"Ndiye huyu?" akauliza. "Mwambie bomba lilishatengenezwa."

Tangu hapo hakuwahi kusema nami moja kwa moja. Si chuki, maana ananipakulia chakula na kuniuliza hali, ila yote yanapitia kwa mke wangu, hata tukiwa mezani watu watatu na chumvi iko mbele yangu. "Mwambie mumeo asogeze chumvi." Mimi nasogeza. Mke wangu hata hainui macho.

Aliyekuwa akizungumza naye kutwa ni Mpole.

Mpole ni mtu wa kwenye gemu. Marehemu baba mkwe alinunua mashine ya gemu wiki aliyostaafu, akadai ni ya wajukuu, ingawa wajukuu walikuwa hawajazaliwa na mpaka leo hawajazaliwa. Gemu lenyewe lilikuwa moja tu: mtu mwenye kofia ya chuma, uso hauonekani, anatembea milimani na punda wake akiwasha taa kwenye minara iliyozimika. Tangu mwanzo hadi mwisho hatamki neno. Baba alishika rimoti, mama akakaa pembeni yake akitoa amri: pita kushoto, usiingie humo, mpe punda maji. Baba naye hakuwa mtu wa maneno. Alipofariki, mama akahamia kwetu na mabegi yake na ile mashine, akaishika rimoti mwenyewe, na amri zikaendelea. Ni yeye aliyempa yule mtu jina la Mpole.

Basi fikiria furaha yangu niliposikia kwamba gemu lile limefanywa sinema, na studio yetu imepewa kazi ya kuiingizia sauti za Kiswahili. Nikapewa Mpole. Hadi hapo nilikuwa nikiigiza walinzi wa getini wanaouawa mapema. Ila sitadanganya, sikufurahia cheo peke yake. Nilitaka mama mkwe aseme nami, hata neno moja, na hapa nilikabidhiwa mdomo wa mtu anayeongea naye kutwa. Nilijiona nimezaliwa na nyota ya jaha.

Tulipokaa kula nikamwomba mke wangu amuulize mama, Mpole anaongeaje.

"Mwambie mumeo haongei."

"Mwambie mama kwenye sinema lazima aongee," nikasema.

"Mwambie mumeo naongea mimi."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Studio yetu ni chumba kilichozibwa kwa mablanketi na trei za mayai, kina joto la kuivishia ndizi. Kazi ya kuingiza sauti ni kufuata midomo: mdomo wa kwenye picha ukifunguka, nawe funguka, ukifunga, funga. Shida ni kwamba Mpole wa sinema alivua kofia mwanzoni kabisa, maana mwigizaji alilipwa kwa ajili ya uso wake, na tangu hapo mdomo haukufungwa tena. Alikuwa na mchumba. Alikuwa na baba aliyemkosea. Punda hakuwepo, nafasi yake alipewa mchekeshaji anayeogopa milima. Maneno yangu yakiisha kabla ya midomo, mwongozaji alinigongea kioo.

"Bado inatembea hiyo. Jaza."

Nami nikajaza. Nilijaza "jamani," nikajaza "mlima gani huu usioisha," mahali pengine nikajaza "we acha tu." Mwongozaji alisema nina kipaji.

Siku sinema ilipoanza kuonyeshwa nilinunua tiketi tatu. Mama alivaa gauni lake la kuendea harusi. Mke wangu alikaa katikati, kama kawaida. Taa zilipozimwa mama akajivuta mbele, mikono magotini, na Mpole alipotokea akamwambia kwa sauti ya chini, "Kwanza zunguka nyuma uangalie." Mpole hakuzunguka. Aliingia kwa mlango wa mbele, akavua kofia, na kwa sauti yangu akasema, "We acha tu, leo kazi ipo."

Mama akamtazama mke wangu, kisha akairudia skrini. "Punda yuko wapi?"

"Hayupo, mama."

"Sasa nani anabeba mafuta ya taa?"

Mke wangu hakujua. Mimi nilijua. Hakuna aliyebeba, mafuta yalikuwa yanatokea tu.

Alijaribu tena na tena. Alimwambia kushoto, akaenda kulia. Alimwambia asimwamini yule mchumba, akambusu. Watu wa mbele yetu wakageuka kututazama. Katikati ya sinema mama akainuka kwenda msalani, polepole, kama anavyoinuka nyumbani. Kwenye gemu, ukiweka rimoti chini, Mpole huangalia huku na huku kidogo, halafu hukaa juu ya jiwe akakusubiri. Atakusubiri hata ukienda msibani ukarudi. Mama aliporudi akakaa, akatazama skrini, akaona jangwa.

"Hapa ni wapi?"

"Wameshavuka mlima, mama," mke wangu akamnong'oneza.

"Bila mimi?"

Hakutoa amri tena hadi mwisho. Nyumbani mke wangu alipomuuliza ameionaje, alisema ni nzuri, watu wamevaa vizuri.

Baada ya hapo aliwasha mashine mara moja, akatembea hatua chache, akazima. Kisha akaifunika kwa kitambaa cha kochi. Akawa anakaa dirishani akiangalia ukuta wa jirani, na ukuta ule hauna kitu. Chakula alikuwa anakigusagusa tu. Mke wangu akaanza kuogopa, na mimi niliogopa pia, kwa sababu hali hiyo tuliijua. Ndivyo alivyokuwa baada ya mazishi, kabla hajaishika rimoti.

"Mama, mbona huchezi?" mke wangu akamuuliza.

"Nikimwambia pita kushoto, namsikia mumeo ananijibu." Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nakata kucha. "Mpole alikuwa hajibu. Baba yako naye alikuwa hajibu. Unamwambia, anafanya. Nilikuwa naangalia ile kofia na yale mabega, naona ni yeye. Sasa nikiangalia namwona wa idara ya maji."

Nikafungua mdomo kuomba radhi. Nikaona mabega yake yanavyopanda hata kabla hajaisikia sauti yangu, nikaufunga. Iliniuma sana. Mtu alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha mumewe, na mimi nikakijaza maneno.

Basi nikanyamaza. Kazini niliongea, ndiyo kula yangu, lakini nikivuka kizingiti nilikuwa naitikia kwa kichwa na kuomba vitu kwa kidole. Mke wangu alisema hajawahi kuifurahia ndoa kiasi hicho. Wiki zikapita. Sahani ya mama ikaanza kurudi jikoni tupu.

Alasiri moja, mke wangu akiwa kazini, nilirudi nikakuta kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya meza na mashine imewashwa. Mpole alikuwa amesimama chini ya mlima na punda wake. Nikainamisha kichwa kumwamkia mama, nikakaa kwenye kigoda cha pembeni, kwa kuwa kochi ni la wawili na nafasi ya pili naijua ni ya nani. Mama akaangalia huku na huku. Hakukuwa na mtu wa kumtuma. Akanyoosha mkono akanipa rimoti.

"Shika," akasema. "Macho yangu yamechoka."

Sikuwahi kuishika rimoti ile maishani. Mpole akagonga ukuta. Kisha akamgonga punda.

"Pita kushoto." Nikaenda kulia. "Kushoto, baba. Siyo mkono unaoandikia, ule mwingine."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na shikamoo za miaka yote hiyo. Nikapita kushoto. Akasema nisiingie humo, nikatoka. Akasema nimpe punda maji, nikampa.

Tulipofika katikati ya mlima, mama akainuka polepole kwenda msalani. Hakuniambia nisubiri. Nikaweka rimoti mapajani. Mpole akaangalia huku na huku, akakaa juu ya jiwe. Nilisikia bomba likifunguliwa, kisha mlango wa jikoni, kisha mama akiongea na jirani kwa kirefu kuhusu bei ya vitunguu. Simu yangu ikaita. Ilikuwa studio, na nilijua ni habari ya sinema ya pili. Nikaiacha iite mpaka ikanyamaza yenyewe. Mguu ukafa ganzi. Sikusogea.

Aliporudi alisimama mlangoni. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akaangalia tena skrini.

"Hamjaondoka," akasema.

Nikatikisa kichwa. Akakaa kwenye kochi, akavuta gauni likafunika magoti.

"Haya," akasema. "Twendeni."