Inchi Moja ya Kushoto

Wateja ndio waliowapa majina ya Kulia na Kushoto. Walikuwa pacha, wamefanana kama reale kwa ya pili, na ukiingia kwenye chumba chao cha ushonaji, kilichowatofautisha kilikuwa cherehani tu. Mkubwa alikaa kulia kwa mlango, mdogo kushoto, wakitazamana, meza ya kukatia katikati yao. Ukubwa wenyewe ulikuwa wa dakika chache, lakini Kulia aliushikilia kama cheo. Yeye ndiye aliyekata vitambaa, yeye ndiye aliyepanga. Hata nguo zao wenyewe, alijipima yeye peke yake, akakunja kitambaa mara mbili na kukata mbili kwa mkasi mmoja. Kushoto hakuwa amepimwa tangu usichana wake. Wa nini, na kipimo kipo?

Kushoto alipofariki, ghafla kama wote walivyoona, Kulia hakulia sana mbele za watu. Alirudi kazini, akaifunika cherehani ya upande wa pili kwa shuka, akaendelea. Ila wateja waligundua kwamba siku hizi huzungumza ameligeukia lile shuka.

Aliyeleta skrini ya kompyuta pale chumbani ni binti wa marehemu, mchoraji wa mabango katika ofisi ya matangazo. Ofisini walikuwa wakibadilisha vifaa, naye akaomba kimoja kimsaidie mama yake mkubwa kuwaonyesha wateja mitindo. Akamwambia ni ya inchi ishirini na saba. Kulia akavua tepu shingoni, akapima upana wa kioo, akapata ishirini na tatu na nusu.

"Wamekupunja, mwanangu."

Binti akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akamweleza kwamba skrini hupimwa kutoka kona hadi kona. Kulia akaguna, kumbe na watu wa kompyuta nao hukata kwa mshazari. Binti hakutaka mazungumzo yale yaishe, kwa hiyo akaendelea. Inchi hukuambia ukubwa wa kioo tu, alisema. Picha yenyewe haina inchi, ina vinukta, pikseli, kama kitambaa kilivyo na nyuzi. Kioo hiki kilikuwa na vinukta mia moja na tisa katika kila inchi. Picha hiyohiyo ukiiweka kwenye simu inaenea kiganjani, ukiiweka kwenye bango inajaza ukuta. Nyuzi ni zilezile, ama zimebanana, ama zimeachana.

Kulia aliirudisha tepu shingoni. Kisha akauliza kama mtu anaweza kuwekwa humo kwa kipimo chake mwenyewe, bila kuzidi wala kupungua.

Binti hakuuliza ni mtu gani. Alikuwa na video ambayo mama yake aliirekodi miezi michache kabla ya kufa, akitaka kufundisha watu kushona kola. Kabla ya somo kuanza, kulikuwa na kipande kifupi ambamo Kushoto ameketi tu, anatazama mbele, hana hakika kama simu inarekodi. Tepu inaning'inia shingoni mwake. Binti akahesabu vinukta kati ya alama mbili za inchi kwenye ile tepu, vikawa sitini na viwili. Akaikuza picha mpaka vikafika mia moja na tisa. Inchi ya pale ndani ikawa sawa na inchi ya huku nje. Wakaondoa shuka, wakaisimamisha skrini juu ya cherehani, usawa wa macho, kile kipande kikawa kinajirudia chenyewe.

Kushoto akawa ameketi mahali pake.

Binti alishindwa kuvumilia, akatoka nje. Kulia alibaki. Alisogea taratibu, akafanya jambo ambalo mikono yake ililijua: akapima. Kutoka mshono wa bega hadi mshono wa bega, inchi kumi na tano.

Akamwita binti arudi ndani, akamwambia amekosea hesabu. Ile blauzi ya mistari ya kwenye kioo aliikata yeye, pamoja na hii aliyoivaa sasa hivi, siku moja, kitambaa kimoja. Mabega ni kumi na sita. Binti alihesabu upya. Akachukua tepu ya Kulia, akailaza juu ya ile ya kwenye kioo. Alama zilikaa juu ya alama.

"Tepu zinalingana, mama."

"Tepu haimjui. Mimi namjua. Ongeza."

Akaongeza, mpaka kumi na sita ikatimia.

Tangu hapo chumba kile kikawa hakikaliki. Mteja mmoja wa zamani alikuwa na mazoea ya kusubiri nguo zake akiwa ameketi. Sasa alisogeza kiti mpaka mlangoni, na alipoulizwa akasema ni joto. Mwingine aliomba apelekewe nguo nyumbani. Hakuna aliyeweza kusema kasoro ni ipi. Uso ulikuwa ule waliouzoea, ila ulikuwa kama wa mtu aliyeinama mbele kukutazama.

Kulia naye aliona, lakini hakuogopa. Alianza kuacha kazi katikati, akakaa ameegemea meza, sikio amelitega upande ule. Kazi zikalundikana. Binti alipopita kumjulia hali baada ya wiki kadhaa, alimkuta hivyo, chai imepoa mbele yake.

"Mama yako ana neno," Kulia alisema kwa sauti ya chini. "Kila siku anasogea kidogo."

Binti aliigeukia skrini. Akajikaza. Alisema hasogei mtu; ni wao waliomkuza kuliko alivyokuwa, na jicho likiona uso uliozidi kipimo hudhani uko karibu. Kulia akaisogeza chai kando.

"Basi mrudishe."

Ili aanze upya, binti aliondoa ukuzaji wote kwanza, kila kinukta cha video kikakaa kwenye kinukta kimoja cha kioo. Kushoto akanywea ghafla, akawa mdogo kama mtoto. Lakini ukungu wa kukuzwa uliokuwa umemfunika muda wote huo ukaondoka, akaonekana dhahiri. Kulia alivaa miwani. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaifuata mistari ya blauzi kwa ukucha, kisha akajitazama mabegani mwake mwenyewe.

Mstari mmoja ulikosekana kila upande. Ulikuwa umemezwa ndani ya mshono.

Bila kusema, alikwenda kufungua sanduku la nguo za marehemu. Waliigeuza kila blauzi nje ndani. Zote zilikuwa zimepunguzwa, mabegani na ubavuni, na zile za mwisho zilipunguzwa mara mbili, mshono juu ya mshono. Ushonaji ulikuwa wa mkono, safi, mishono midogo kama mchanga.

"Kwa nini asitumie cherehani?" binti aliuliza.

"Cherehani ningeisikia."

Binti akakaa chini sakafuni. Alisema mama yake alimwambia ni uchovu tu, naye akaamini. Husemwa kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na Kulia mwenyewe aliwahi kulisema hilo kwenye misiba ya wengine. Siku ile hakulisema. Aliyekuwa akiisha alikuwa ameketi mbele yake, hatua tatu, kila siku ya kazi, naye alijipima mwenyewe akaona yatosha.

Picha ilirudishwa kwenye inchi kumi na tano. Kulia alikaa nayo siku moja nzima, akimtazama Kushoto alivyokuwa kweli, kisha mwenyewe akaomba iondolewe. Skrini ikatundikwa karibu na mlango, inaonyesha mitindo, na wateja wakarudi kwenye viti vyao. Siku hizi Kulia humpima kila anayeingia, hata wale ambao vipimo vyao anavijua kwa moyo, nao humtania kwamba uzee umemfanya asahau.

Lakini kuna nyakati hukatisha mshono katikati. Huondoa mguu kwenye pedali, gurudumu likasimama, akainua kichwa kuelekea upande wa Kushoto. Wateja wakimuuliza anasikiliza nini, husema hakuna kitu. Sindano ya mkono haina sauti, anajua. Hata hivyo anaisikia: inaingia, inatoka, na uzi unavutwa polepole kwenye kitambaa.